Mtaka cha Mvunguni: Misingi ya Uigizaji katika Darasa la Mwanzo Chuoni

Utangulizi

Mwanafunzi anayejiunga na idara ya Kiswahili katika chuo kikuu nchini Kenya huwa amekwisha kusoma tamthilia moja au mbili akiwa shule ya upili. Anaweza kutaja maudhui yake, kuwapambanua wahusika wakuu na wadogo, na kuliweka dondoo katika muktadha wake. Hata hivyo, mwanafunzi huyo huyo akiombwa asimame mbele ya wenzake na kutamka sentensi moja tu ya mhusika aliyemchambua kwa kurasa nne, mikono humganda, macho humwangukia sakafuni na sauti humkauka. Wenzake hucheka, naye huketi haraka akiamini kwamba hakujaliwa kipawa.

Imani hiyo ndiyo inayojadiliwa katika makala haya. Kusudi lake ni kueleza misingi ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kufunzwa katika somo la utangulizi la uigizaji, na kuonyesha kwamba misingi hiyo ni stadi zinazofunzika kama zinavyofunzika fonolojia na mofolojia. Aidha, makala yanashikilia kwamba mwanafunzi wa Kiswahili anayehitimu bila kuzionja stadi hizo huwa ameisoma tamthilia nusu, na nusu hiyo ndiyo atakayowarithisha wanafunzi wake.

Uigizaji kama stadi inayofunzika

Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, katika kitabu chao Fasihi na Sanaa za Maonyesho cha mwaka 1976, walizipa sanaa za maonyesho nafasi yake kando ya fasihi. Hoja inayotokana na mtazamo kama huo ni nyepesi kuieleza lakini nzito kuitekeleza: maandishi ya tamthilia ni sehemu tu ya kazi. Sehemu iliyosalia hukamilishwa na mwili wa mwigizaji, mahali pa kuchezea na hadhira inayotazama.

Kuhusu suala la kipawa, historia ya Kenya ina ushahidi wa kutosha. Mwaka 1977, katika kijiji cha Kamĩrĩĩthũ huko Limuru, wakulima na wafanyakazi wa viwandani waliigiza tamthilia ya Kikuyu Ngaahika Ndeenda, iliyoandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Wengi wao hawakuwa wamepata mafunzo yoyote rasmi ya jukwaani. Mazoezi yalifanyiwa mahali pa wazi, na wanakijiji waliopita walitazama, wakakosoa na kusahihisha namna wahusika walivyosema na kutenda. Serikali iliyapiga marufuku maonyesho hayo mwaka huo huo, na Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini mwishoni mwa Desemba. Sanaa isiyokuwa na nguvu haipigwi marufuku. Ikiwa wanakijiji hao waliweza kufikia kiwango hicho kwa mazoezi ya pamoja na kukosoana kwa uwazi, mwanachuo hana sababu ya kujitetea kwa kukosa kipawa.

Pumzi na sauti

Msingi wa kwanza ni pumzi. Mwanafunzi mwenye hofu huvuta pumzi kwa kuinua mabega, na pumzi hiyo ya juu humwishia kabla ya sentensi kukamilika. Zoezi la kawaida ni kusimama wima, miguu ikiwa imeachana kwa upana wa mabega, kuweka kiganja tumboni, kisha kuvuta pumzi hadi kiganja kisukumwe nje. Baadaye mwanafunzi huitoa pumzi polepole huku akihesabu kwa sauti, na siku baada ya siku huongeza hesabu. Haba na haba hujaza kibaba.

Baada ya pumzi huja sauti, na hapa mwanafunzi wa Kiswahili ana mtaji ambao pengine hajautambua. Katika isimu amefunzwa kwamba kauli "Juma ameondoka" na swali "Juma ameondoka?" zinaweza kuwa na maneno yale yale na mpangilio ule ule, na kwamba kinachozitofautisha ni kiimbo. Amefunzwa pia kwamba shadda ikihamishwa katika neno "barabara", maana huhama kutoka njia ya magari hadi sawasawa. Darasani hayo ni majibu ya mtihani. Jukwaani ni zana za kazi, kwa kuwa hadhira haina kitabu mkononi wala haioni alama ya kuuliza. Kiimbo kikikosewa, swali huwa taarifa na kejeli huwa sifa.

Suala la lafudhi pia halina budi kutajwa. Mwanafunzi anayechanganya "r" na "l", au anayetamka "dhamini" na "thamini" kama neno moja, anapaswa kufanya mazoezi ya vitamkwa hivyo mpaka ulimi umtii. Lengo si kumwaibisha kwa sababu ya lugha yake ya kwanza, kwani huenda kesho akahitaji lafudhi hiyo hiyo kumjenga mhusika. Muhimu ni kwamba lafudhi itumike kwa kuchaguliwa, isimponyoke tu.

Mwili na jukwaa

Msingi wa pili ni mwili. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mwigizaji huinama kwa maana halisi ya neno. Mwanachuo aliyezoea kuketi na kuandika huja na mwili uliosahauliwa. Katika kipindi cha kwanza inatosha kumtaka atembee kutoka ukuta mmoja hadi mwingine kama mtu aliyechelewa basi, kisha kama mtu anayerudi kutoka mazikoni, bila kusema neno. Atagundua kwamba uzito, kasi na uelekeo wa macho husimulia kabla ya kinywa kufunguliwa.

Utamaduni wa lugha nao umo mwilini. Kijana anayesema "shikamoo" huku ameinua kidevu na mikono iko mfukoni ametamka neno la heshima na kulikanusha papo hapo. Pengine hilo ni kosa la mwigizaji. Pengine ndilo hasa alilolitaka mtunzi. Tofauti kati ya kosa na kusudi ndiyo tofauti kati ya asiyefunzwa na aliyefunzwa.

Mwanafunzi anapaswa pia kuzijua sehemu za jukwaa. Kulia na kushoto huhesabiwa kwa upande wa mwigizaji anayeitazama hadhira, wala si kwa upande wa mtazamaji. Mbele ya jukwaa ni karibu na hadhira, na nyuma ni mbali nayo. Bila ujuzi huu maelekezo ya jukwaani yanayosomwa haraka haraka katika tamthilia hubaki maneno matupu. Anayeujua huona kwamba mhusika anayesogezwa kutoka nyuma kushoto hadi mbele katikati amepewa mamlaka kabla hajasema lolote.

Kusikiliza

Mwigizaji mchanga hudhani kwamba kazi yake ni kusema. Kwa hivyo, mwenzake anaposema, yeye husubiri zamu huku akiyarudia maneno yake kimoyomoyo. Hadhira huliona hilo mara moja. Zoezi la kioo husaidia kuliondoa: wanafunzi wawili husimama wakitazamana, mmoja akaongoza kwa miondoko ya polepole na mwingine akaifuata kama taswira katika kioo, kisha wakabadilishana. Kinachopimwa ni makini ya kila mmoja kwa mwenzake.

Ubunaji wa papo hapo huendeleza stadi hiyo. Kanuni yake ya msingi ni kukipokea anacholeta mwenzako na kukiongezea. Mwanafunzi mmoja akiingia na kusema, "Daktari, mtoto hajaamka tangu jana," mwenzake akijibu, "Mimi si daktari," mchezo umekufa. Akijibu, "Mlete hapa mezani. Nani alikuwa naye usiku?" mchezo umepata uhai, na wote wawili wamepata la kutenda.

Lengo na mazingira ya mhusika

Konstantin Stanislavski (1863–1938), mwasisi mmojawapo wa Jumba la Sanaa la Moscow lililoanzishwa mwaka 1898, aliwafunza waigizaji kujiuliza maswali badala ya kuiga hisia. Mhusika ni nani? Yuko wapi, na ni wakati gani? Anataka nini kwa mwenzake? Kitu gani kinamzuia? Kwa mujibu wa mafunzo hayo, hisia hujitokeza pale mwigizaji anapolifuatia lengo la mhusika kwa dhati, haiwezi kuamrishwa.

Sentensi moja fupi ya Kiswahili inatosha kulifafanua hilo: "Umekula?" Katika mazingira ya kwanza, mama anamuuliza mwana aliyerudi usiku wa manane, anataka kumpokea bila kumgombeza. Katika ya pili, mke anamuuliza mume ambaye jana pia alikula kwingine. Anataka kukiri kwake. Katika ya tatu, wanachama wa ushirika wamemzunguka mweka hazina na mmoja wao anauliza. Chakula kinachozungumziwa ni fedha za watu. Neno halijabadilika hata herufi. Kilichobadilika ni lengo, na lengo limebadilisha pumzi, kiimbo, umbali kati ya wazungumzaji na hata maana ya kitenzi chenyewe. Mwanafunzi aliyelifanya zoezi hili hahitaji kukaririshwa tena fasili ya muktadha.

Kutoka hapo anaweza kuikabili tamthilia kamili. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, inahusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 dhidi ya ukoloni wa Kijerumani. Msomaji wa kawaida huandika kwamba Kinjeketile ni "jasiri" na "mzalendo", kisha akaendelea na mhusika mwingine. Mwigizaji hawezi kuuigiza uzalendo, kwa sababu uzalendo si kitendo. Hana budi kuuliza: mtu huyu aliyewapa watu neno la kuwaunganisha, kisha akalitilia shaka neno lake mwenyewe, anataka nini anapokataa kulikana mbele ya adui? Akilikana, atawaambia waliopigana kwamba kupigana kwao kulikuwa kosa. Akilishikilia, atakufa na shaka yake. Mwanafunzi aliyelazimika kusimama mahali hapo, hata kwa dakika tatu, ataandika uhakiki wa namna nyingine kabisa.

Kasoro za kuepukwa

Kasoro ya kwanza hutokana na mazoea ya kukariri mashairi shuleni. Kila nomino hupewa ishara yake: ikitajwa "moyo", kiganja huenda kifuani, ikitajwa "mbingu", kidole huelekea juu. Mtindo huo una mahali pake katika ukariri wa pamoja, lakini mazungumzo ya wahusika huuawa nao, maana hakuna mtu anayezungumza na jirani yake hivyo.

Kasoro ya pili ni kupiga kelele kwa kudhani kwamba sauti kubwa ni hisia kubwa. Kimya nacho ni usemi. Nukta tatu za mtunzi katikati ya sentensi ni kazi aliyopewa mwigizaji, si nafasi ya kusahau maneno.

Kasoro ya tatu inahusu utu. Tamthilia nyingi zina makofi, ugomvi na mapenzi. Wanafunzi wanapaswa kukubaliana kabla ya zoezi ni wapi mwenzao anaweza kuguswa na wapi hawezi, na kila kofi lipangwe hatua kwa hatua ili lisimuumize mtu. Mwenye kukataa asibezwe. Hakuna ujasiri wa jukwaani unaojengwa juu ya fedheha ya mwenzako.

Pingamizi na majibu yake

Wapo wanaoshikilia kwamba idara ya Kiswahili si chuo cha waigizaji, kwamba madarasa yana wanafunzi wengi mno, na kwamba mtihani hautahini pumzi wala mwendo. Pingamizi hizi zina uzito. Hata hivyo, darasa kubwa linaweza kugawanywa katika makundi ya watatu watatu: wawili waigize na wa tatu atazame, kisha aeleze alichokiona bila kuhukumu kama ni kizuri au kibaya. Dakika ishirini zatosha, na viti vikisogezwa ukutani hakuna gharama nyingine.

Kuhusu mtihani, ifahamike kwamba wengi wa wanafunzi hao watakuwa walimu. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa katika madarasa ya chini nchini Kenya mwaka 2019, unamtaka mwanafunzi aonyeshe anachoweza kutenda, na unazipa sanaa nafasi. Mwalimu ambaye hajawahi kusimama jukwaani atawezaje kumwongoza mtoto anayetetemeka? Yamkini atamwambia aketi, asome kimya kimya na kunakili maudhui ubaoni. Hivyo ndivyo tamthilia inavyogeuzwa kuwa riwaya yenye nukta pacha.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba pumzi, sauti, mwili, usikivu na lengo ni misingi inayofunzika, na kwamba Kiswahili chenyewe, kwa kiimbo chake, shadda yake na adabu zake za mazungumzo, ni hazina kwa mwigizaji anayeanza. Inapendekezwa kwamba somo la utangulizi la tamthilia litengewe angalau kipindi kimoja cha vitendo kila wiki, na kwamba vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vikamilishe upungufu utakaobaki kwa kusoma na kuigiza onyesho moja fupi katika kila mkutano. Mwanafunzi aliyeketi haraka siku ile ya kwanza hakukosa kipawa. Alikosa mtu wa kumwambia avute pumzi, amtazame mwenzake machoni na ajiulize anachokitaka. Anayejua hayo leo na amwambie.