Kurasa 40 kabla ya safari kuanza

*Shangazi, nakuandikia kutoka mji wa Wote. Nina miaka 26, na kwa miaka 3 nimekuwa nikiandika kisa cha gemu ya mezani, ile ya dado ambapo kila mchezaji huigiza mhusika wake na mmoja huongoza simulizi. Kisa kinatokea katika Ukambani wa kubuni. Kabla ya safari kuanza nimeweka kurasa 40: asili ya watu kule Nzaui, koo, utabiri wa nabii Syokimau, misafara ya pembe za ndovu, aimu (mizimu), kithitu (chombo cha kiapo). Mwenzangu, ambaye tunataka kuchapisha pamoja, anasema nizikate zote. Mengi niliyoandika humo niliyapata kwa susu, bibi yangu, tuliyemzika mwaka jana. Nikizikata nahisi namzika mara ya pili. Tena, mtu wa mbali atatujuaje? Ni mwezi sasa hatusemezani. — Mwenye Kurasa 40*

Pole sana kwa kuondokewa na susu, mwanangu. Acha nianze na yeye, kwa maana naona ndiye aliye katikati ya ugomvi huu kuliko hata kitabu.

Susu hakukusomea kurasa 40. Alipokusimulia mbano, zile hadithi zetu za jioni, alikupeleka moja kwa moja kwa mtu aliye mashakani, na aimu walipotokea hakusimama kukueleza asili yao. Uliwajua kwa sababu walikuwa wamefika mlangoni. Ukiuliza, alikujibu swali ulilouliza, basi. Hayo yote unayoogopa kuyapoteza yalikuingia kidogo kidogo, kwa miaka, kila moja wakati ulipolihitaji. Ukimfuata yeye, hujamzika.

Sasa twende Kitui, kwa kisa cha kweli kinachoonyesha jambo hilo hilo. Mwaka 1849 Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa misafara, alimpokea mmisionari Johann Ludwig Krapf, na tarehe 3 Desemba mgeni huyo akauona Mlima Kenya kutoka huko. Mwaka 1851 Krapf alirudi, wakafuatana kuelekea mto Tana. Njiani wakavamiwa na wanyang'anyi, Kivoi akauawa. Krapf akabaki peke yake porini, kiu imemshika. Alipoufikia mto hakuwa na kibuyu wala chombo chochote, akajaza maji ndani ya ala ya ngozi ya darubini yake na ndani ya mitutu ya bunduki, akaiziba kwa nyasi. Aliporudi kwa watu, ndugu wa Kivoi wakamtwika lawama ya kifo kile, naye akalazimika kutoroka.

Tazama kilichomo humo. Bunduki iliyojaa maji inaeleza ukame wa nchi yetu kuliko kurasa 5 za hali ya hewa. Lawama ya ndugu inaeleza wajibu wa mgeni kwa mwenyeji wake kuliko sura nzima kuhusu koo. Mwongozaji wa gemu anahitaji kujua maji yako wapi, njia ni ya nani, na ndugu wa marehemu watadai nini wachezaji wakirudi bila yeye. Nusu ukurasa unatosha, uwekwe palepale msafara unapovamiwa. Kumbuka mwongozaji huyo anasoma huku wenzake wanne wakimkodolea macho.

Vivyo hivyo na Jiwe la Nzambani, ule mwamba mkubwa wa Kitui. Usilielezee kwa historia. Mzee wa kijiji aseme kwamba anayelizunguka mara 7 hugeuka, mwanamume akawa mwanamke na mwanamke akawa mwanamume. Wachezaji wataanza kuzunguka wenyewe, na utaona ukimya ukiingia mezani kwenye mzunguko wa 6. Syokimau naye hakutoa ufafanuzi. Alisema juu ya nyoka mrefu atakayetema moto, akawaachia watu fumbo, na reli ikaja ikapita Makindu na Kibwezi miaka mingi baadaye. Wape wachezaji fumbo hilo, jibu lifiche kwa mwongozaji.

Lakini mwenzako pia amekosea, na umwambie hivyo kwa upole. Huenda anafikiria vitabu kama *The Keep on the Borderlands*, alichoandika Gary Gygax mwaka 1979 kwa ajili ya gemu ya Dungeons & Dragons. Watu wa ngome ile hawana hata majina, wana vyeo tu, na bado kimechezwa kote duniani. Kiliweza kwa sababu wasomaji wake walikuwa wameshaona ngome na mashujaa wenye panga tangu utotoni, katika hadithi na sinema. Pengo walilijaza wenyewe. Msomaji wako wa ng'ambo atajaza pengo la Ukambani kwa nini? Kwa simba, ngoma na mganga wa sinema. Ukikata zote, umemkabidhi nchi yako aichore vibaya. Kwa hiyo wewe unahitaji maelezo mengi kuliko Gygax, na unahitaji kuyatawanya kwa uangalifu kuliko yeye.

Kithitu nakusihi ukishike kwa adabu. Si pambo. Kwa waliokiapia, mwongo alijua kwamba kifo hakitamchukua yeye peke yake, kitafuata na jamaa zake. Huo uzito ndio wa kuchapisha: mchezaji asimame mbele yake akijua kwamba akiapa uongo, dada yake wa kubuni yumo hatarini. Namna kinavyotengenezwa na kinavyoapiwa, iache nje ya kitabu. Hayo si yako peke yako kuyauza.

Zile kurasa 40 zihifadhi kama zilivyo, jina la susu likiwa juu yake. Zinaweza kuwa kitabu chake siku moja, na ningependa kukisoma.

Kwa sasa mpigie mwenzako simu leo, usingoje aanze yeye. Jumamosi ketini na wachezaji ambao hawajawahi kusoma neno lako hata moja, uanze safari moja kwa moja, wewe uongoze naye akae na daftari. Aandike kila swali watakalouliza, na kila mahali watakapokwama kwa kutojua. Yale watakayouliza, yarudisheni kitabuni, papo hapo walipouliza.