Mguu Wenye Masikio: Mafunzo Niliyopata kwa Pedali ya Wawa

Napiga gitaa la solo kwenye bendi za hotelini na za harusi hapa Dar es Salaam, na pedali ambayo vijana huniulizia kuliko zote ni wawa. Wanataka kujua ipi ni kali. Nami huwarudishia swali: wimbo gani, na anaimba nani?

1. Haiongezi sauti, inachagua

Wawa ni kichujio. Ndani mna koili, kapasita na kontroli ya kuzunguka kama ya volyumu ya redio, inayosukumwa na meno yaliyo chini ya ubao unaoukanyaga. Kila nafasi ya mguu hunyanyua kipande kimoja cha sauti juu ya vingine, kwa kawaida kati ya takriban hezi 400 na 2,000. Kisigino kikiwa chini, gitaa hutamka "u". Vidole vikishuka, linafunguka kuelekea "a". Kinywa cha binadamu kinapotamka irabu hufanya kazi ya namna hiyohiyo.

Pedali hii ilizaliwa karibu na tarumbeta. Mwaka 1966 Brad Plunkett, mhandisi wa kampuni ya Thomas Organ huko Marekani, alikuwa akishughulikia swichi ya ampu ya Vox iliyopandisha sauti za kati. Mahali pa swichi akaweka kontroli ya kuzungusha, na sauti ikaanza kulia. Toleo la 1967 lilibeba jina la Clyde McCoy, mpiga tarumbeta aliyesifika kwa kufunika na kufunua mdomo wa chombo chake kwa kizibo. Sisi wapiga gitaa tuliidaka, na hatujairudisha.

Tokeo la wawa kuwa kichujio ni hili: haiwezi kunyanyua kisichokuwepo. Ukifunga toni ya gitaa, utakanyaga mpaka uchoke usisikie kitu. Fungua toni kabla ya kuilaumu pedali.

2. Dukani, isikilize ikiwa imezimwa

Kila mnunuzi huikanyaga akasema "naam, inalia". Zote zinalia. Mimi huanza kwa kupiga gitaa moja kwa moja kwenye ampu, halafu nalipitisha kwenye pedali iliyozimwa. Baadhi ya pedali, hasa za muundo wa zamani, hula ung'avu wa gitaa hata zikiwa zimelala. Kwa mpiga roki mwenye distoshoni nzito si neno. Kwa anayepiga dansi, ambaye mkate wake ni nyuzi nyembamba zinazong'aa, ni hasara ya usiku mzima, maana wawa utaitumia kwenye nyimbo mbili tatu na zilizobaki utapigia sauti iliyofifishwa.

Kisha naiwasha na kuipeleka polepole sana, kisigino hadi vidole. Sauti inabadilika taratibu, au imelala kwa safari ndefu kisha inaruka ghafla karibu na mwisho? Nafasi ya vidole inachoma masikio? Swichi iko chini ya vidole, kwa hiyo ijaribu umesimama, na viatu unavyovaa jukwaani. Mwenye sandali hupata tabu kuibonyeza.

Cry Baby GCB95 ya Dunlop na V847 ya Vox hazina vidude vya kurekebisha. Unachosikia ndicho unachonunua. Cry Baby 535Q inakuachia uchague eneo la sauti linalonyanyuliwa na ukali wa kilele chake, na kwa mtu anayepiga aina nyingi za muziki ningemshauri hiyo, japokuwa wengine hupotea humo wakabaki kuzungusha vidude badala ya kupiga.

3. Mguu usifuate ngoma

Hili ndilo gumu. Mwili hupenda kutikisika na mpigo, na mguu ukishaingia kwenye mpigo, kila noti inapata "wa" ileile, iwe na faida au isiwe nayo. Baada ya mistari minne msikilizaji amechoka.

Mchezo wa mpigo upo, na una heshima zake. Sikiliza wimbo wa filamu ya Shaft wa mwaka 1971: mpiga gitaa Charles Pitts amezima nyuzi kwa mkono wa kushoto, mkono wa kulia unakwangua, na wawa inageuza mkwaruzo huo kuwa chombo cha midundo. Hapo hakuna melodia ya kuharibu. Lakini kwenye solo namshauri mwanafunzi aweke gitaa chini kwanza, aimbe sentensi yake kwa mdomo, aangalie ni wapi kinywa kinafunguka. Hapo ndipo mguu ushuke. Noti ndefu inaweza kufunguliwa taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho wake. Noti za haraka ziache zipite bila kuzigusa.

4. Mwimbaji akifungua kinywa, mguu unatulia

Kilele cha wawa huangukia humohumo zinamoishi irabu za mwimbaji. Vinywa viwili vikisema kwa pamoja, maneno yanapotea, na watu wa kwetu huja kusikia maneno. Magitaa ya dansi yamegawana nafasi tangu zamani, solo, rithimu na besi, kila moja na njia yake. Wawa inavuka mipaka hiyo isipochungwa. Kwangu nafasi yake ni pale mwimbaji anapopumua, na kwenye sebene kwa kiasi.

5. Jirani yake ni nani

Kwenye mstari wa pedali, ikitangulia distoshoni, wawa huimba kwa utulivu. Ikija nyuma yake, mfagio wake, yaani safari ya sauti kutoka kisigino hadi vidole, unakuwa mpana na wa vurugu. Mimi huiweka mbele.

Fazi, aina ya distoshoni, ndiyo jirani mkorofi. Fazi nyingi za muundo wa zamani huielemea wawa iliyo mbele yake, mfagio ukafinyika. Dawa ni bafa ya kuzitenganisha hizo mbili, au kuitanguliza fazi. Ndoa hiyo ikikubali, ni tamu: wasikilize WITCH na Amanaz, wale wa Zambia wa miaka ya 1970.

6. Adapta

Volti 9, na kwa pedali nyingi za leo hasi iko katikati ya plagi. Adapta ya ruta inaweza kuingia tundu lile na mara nyingi ina chanya katikati. Soma maandishi yake.

7. Pwani inatafuna vyuma

Mkwaruzo unapokanyaga ni dalili kwamba kontroli imeshika uchafu au imelika, na hewa ya chumvi huuharakisha. Dawa ya kupuliza ya kusafishia kontroli husaidia kwa muda. Mkwaruzo ukirudi, fundi abadilishe kontroli, ambayo kwenye nyingi ni ya kilo-omu 100. Pedali za Morley hutumia mwanga badala ya kusuguana, hivyo zinaepuka maradhi hayo. Ubao ukilegea hata ukaanguka wenyewe, kaza nati ya ekseli.

8. Unaweza kuiacha palepale

Mick Ronson, aliyempigia gitaa David Bowie, alijulikana kwa kuikanyaga mpaka mahali fulani na kuiacha. Gitaa linapata sauti ya puani inayopenya bendi nzima bila kuongeza volyumu. Nikishaipata nafasi hiyo wakati wa majaribio ya vyombo, naweka alama ya utepe ubavuni mwa pedali, maana taa za ukumbi zikizimwa mguu haukumbuki.