Vermentino di Gallura na Mlo Wake

Swali: Vermentino di Gallura unaendana na chakula gani?

Jibu: Mvinyo huu mweupe, mkavu, hutoka kaskazini-mashariki mwa Sardinia, ambako mizabibu huota juu ya miamba ya matale na kupigwa na upepo wa mistral. Mwaka 1996 ulipewa DOCG, daraja la juu kabisa la mvinyo nchini Italia.

Mwenzi wake bora ni bottarga, mayai ya mkizi yaliyotiwa chumvi na kukaushwa, yakikunwa juu ya tambi. Chumvi ile hukutana na ukali wa limau ulio katika mvinyo na uchungu wake mdogo wa lozi unaobaki ulimini, na kila kimoja humtamanisha mlaji kingine.

Samaki wa kuchoma pia hufaa. Nyama nyekundu huufunika.

Uandaliwe kwenye nyuzijoto 10 hadi 12. Ukizidi ubaridi, harufu hupotea.