Magurudumu Matatu kwenye Barabara ya Masako: Mafunzo Niliyopata

Masako iko kilomita zipatazo 14 kutoka Kisangani, kwenye barabara ya zamani ya Buta. Wasomi wanaijua kwa hifadhi yake ya msitu, ambako watafiti wa Chuo Kikuu cha Kisangani wamechunguza wanyama na mimea kwa miaka mingi. Sisi wa mizigo tunaijua kwa mihogo, ndizi, sombe (majani ya mihogo) na makaa. Kazi yangu imekuwa kukusanya mazao ya wakulima wa huko na kuyafikisha mjini kwa trisikli: pikipiki yenye gurudumu moja mbele, mawili nyuma, na bodi ya chuma ya kupakia. Ndugu zetu wa Tanzania wangeiita guta. Haya ndiyo niliyojifunza kuhusu faida yake na hatari yake.

1. Umbali wa Masako ndio saizi ya trisikli

Toleka, ile baiskeli iliyobeba watu na vitu vya Kisangani miaka ya vita, hupakia magunia mawili matatu, na kwenye kilima mwenyewe hushuka akaisukuma. Lori hubeba kila kitu, lakini haliondoki mpaka lijae, na sombe haisubiri. Iliyochumwa alfajiri ikishinda juani hadi alasiri, mnunuzi hushusha bei kabla hujafungua mdomo.

Hapo ndipo trisikli inapofaa. Injini yake ni ya pikipiki, nyingi zina cc 150 hadi 200, kwa hiyo mafuta yake si mengi, na mzigo wa familia mbili tatu unatosha kuiondoa. Ila ukitaka kuifikisha Buta kwenyewe, zaidi ya kilomita 300, injini itachemka, mgongo wa dereva utakufa ganzi, na faida yote itaishia kwa fundi.

2. Uzito ukae kati ya mafiga

Mafiga matatu hayayumbi hata kwenye udongo usio sawa, na wengi huamini kwamba magurudumu matatu ni vivyo hivyo. Ni kweli, mradi chungu kikae katikati. Chora mistari kutoka gurudumu hadi gurudumu: unapata pembetatu, pana nyuma, nyembamba mbele. Uzito ukivuka mistari hiyo, chombo kinalala ubavu.

Makaa ndiyo yenye hila. Gunia lake halishonwi mdomo. Hujazwa hadi pomoni, kisha juu huongezwa kilemba cha makaa kinachozuiwa na majani na wavu wa kamba, hata gunia likamfika mtu kifuani. Ukiyapanga hayo wima, halafu ukaweka mihogo juu yake, umejenga ghorofa juu ya barabara mbovu. Mihogo na ndizi hukaa chini, makaa hulazwa juu yake, sombe huwa ya mwisho. Mzigo mzito husogezwa mbele ya ekseli. Ukirundikwa nyuma, kwenye mlima gurudumu la mbele linakuwa jepesi: unakata usukani, nayo inaendelea kwenda moja kwa moja.

3. Pikipiki hulala kwenye kona, trisikli hailali

Madereva wengi wametoka kwenye pikipiki, na mwili wao umezoea kuinama upande wa kona. Kwenye trisikli kuinama huko hakusaidii kitu. Bodi inabaki wima na mwendo unaisukuma nje. Mwendo ukiongezeka mara mbili, msukumo huo unaongezeka mara nne. Kwa hiyo breki hukamatwa kabla ya kona, njia ikiwa bado imenyooka. Ukiikamata katikati ya kona, uzito unakimbilia mbele, penye msingi mwembamba.

Hili si la kwetu peke yetu. Uingereza walikuwa na gari dogo, Reliant Robin, lililotoka mwaka 1973 likiwa na gurudumu moja mbele, na watu walilifanyia mzaha miaka mingi kwa sababu ya kupinduka. Kiwanda cha Morgan, cha huko huko, kilianza kabla ya 1914 kwa kuweka mawili mbele na moja nyuma, na magari yake yakaingia hata kwenye mashindano ya mbio. Marekani nako, mwaka 1988, watengenezaji walikubaliana na serikali kuacha kuuza pikipiki za magurudumu matatu za kupandia porini, baada ya watu wengi, watoto wakiwemo, kuumia na kufa. Trisikli yetu imepangwa kama Robin. Dereva wake hana budi kulijua hilo kabla hajakabidhiwa ufunguo.

4. Barabara haikutengenezwa kwa ajili yake

Kwetu karibu na ikweta mvua hainyeshi msimu mmoja ikaondoka, na malori huacha mifereji miwili mirefu kwenye udongo mwekundu. Gari la magurudumu manne huifuata. Pikipiki huchagua mmoja. Trisikli upana wake haulingani na wa lori: gurudumu moja la nyuma likitumbukia kwenye mfereji, la pili linabaki juu ya tuta, na bodi nzima inainama ikiwa na mzigo wake.

Daraja la mbao mbili ni mtihani mwingine. Mbao hizo zimepangwa kwa ajili ya magurudumu ya kushoto na ya kulia. La mbele, la katikati, halina pa kukanyaga. Nimezoea kuwa na ubao wa ziada ubavuni mwa bodi. Hapo tunasimama, tunautandika, tunapita, tunauchukua tena. Dereva asiye na ubao ndiye anayejaribu kupita kwa kasi.

5. Breki huliwa na matope

Breki za nyuma huwa za ngoma, na maji ya dimbwi yakiingia ndani, nguvu yake inapungua kwa muda. Tukitoka kwenye maji, tunaenda polepole huku tukizigusagusa mpaka zikauke. Kwenye mteremko na mzigo, gia ndogo huwekwa juu kabisa ya kilima. Ukingoja kuitafuta katikati ya mteremko, utakuwa umechelewa.

6. Mtu si gunia

Mama mmoja alikuwa amekaa juu kabisa ya makaa, mkono mmoja umeshika kamba, mwingine umemkumbatia mtoto.

“Mama, shuka, tafadhali. Huko juu si salama.”

“Mwanangu, nikishuka, mizigo yangu nimwachie nani?”

Swali lake lilikuwa la haki. Wanawake wengi wa sokoni hupanda juu ya mzigo kwa sababu gunia likipotea, mtaji umepotea. Bajaji ya Mombasa au ya Dar es Salaam ina kiti cha chini na paa kwa ajili ya abiria. Bodi yetu haina chochote cha kumzuia mtu. Tena mtu aliyekaa juu anainua uzito, na kwenye kona anayumba nao. Dawa tuliyoipata ni kitambaa: kila mwenye mali hufunga kipande cha kitenge chake kwenye magunia yake, tunahesabu mbele yake, naye anatufuata kwa pikipiki ambayo nauli yake inakatwa kwenye malipo ya mzigo. Mama yule aliposhuka sokoni, alitafuta kitenge chake kwanza, akatusalimu baadaye.

7. Hesabu ya jioni ndiyo inayopindua

Mafunzo yote hayo dereva mzoefu anayajua, na bado utamkuta amepakia hadi juu ya kichwa chake. Sababu ni kwamba kila jioni anadaiwa hesabu ya mwenye chombo, na analipwa kwa gunia. Gunia la mwisho, lile la juu, ndilo lenye riziki yake mwenyewe. Yaliyo chini yake ni ya tajiri na ya mafuta. Ukimwambia aliache, umemwambia alale njaa.

Kwa hiyo mwenye trisikli anayetaka ifike salama aanze na mapatano. Apige mstari wa rangi kwenye bodi kuonyesha mwisho wa mzigo, kisha apange hesabu ambayo dereva ataweza kuifikisha bila kuuvuka mstari huo. Kama hesabu haitoki hivyo, biashara hiyo inalipwa kwa mwili wa dereva, na mwenye mali anapaswa kulikiri hilo kabla ya kumpa ufunguo.