Nadharia ya Mifumo Changamano na Uchumi wa Mifugo: Mfano wa Gitting, Hanang

Makala haya yanachunguza namna nadharia ya mifumo changamano inayojirekebisha inavyoweza kufafanua biashara na mitandao ya watu. Nadharia hiyo ilikuzwa hususan katika Taasisi ya Santa Fe, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1984, na John Holland ni miongoni mwa waliochangia sana misingi yake. Dai lake kuu ni kwamba utaratibu wa jumla waweza kuzuka kutokana na watendaji wengi, kila mmoja akifuata kanuni chache na kuzirekebisha kadiri anavyopata uzoefu, pasipo kuwapo msimamizi mkuu.

Kuhusu istilahi, neno "tata" lingekuwa fupi zaidi, lakini hubeba maana ya fundo lisilofunguka. Saa ya ukutani ni tata kwa asiye fundi, lakini si changamano: gurudumu moja likiondolewa, mengine hayajipangi upya.

Mfano ulio wazi unapatikana Gitting, kwenye miteremko ya Mlima Hanang, wanakoishi Wadatoga, hasa Wabarabaig, pamoja na Wairaqw. Mfugaji mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote katika zizi moja. Huwatawanya kwa jamaa na marafiki, mmoja huku, wawili kule. Anayetunza hunufaika kwa maziwa na samadi, ilhali umiliki hubaki kwa mwenye mali. Ugonjwa ukiingia katika boma moja, au mvua ikikosekana upande mmoja, kundi zima haliangamii. Hakuna ofisi inayopanga nani amtunzie nani. Atunzaye vibaya husemwa, na mwaka unaofuata hapewi. Sifa ya mtu ndiyo daftari. Kwa hiyo mapatano madogo ya watu wawili wawili huzaa kitu ambacho hakuna aliyekibuni kwa makusudi, yaani bima ya jamii nzima.

Malisho nayo yalifuata mantiki hiyohiyo. Charles Lane, aliyewachunguza Wabarabaig kwa kina, alibainisha aina nane za malisho ambazo mifugo ilizizungukia kulingana na majira. Yenye rutuba kuliko yote ni mabonde yaitwayo muhajega. Hayo ndiyo yaliyochukuliwa kwa kilimo cha ngano, pale Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula (NAFCO), kwa msaada wa Kanada, lilipoanzisha mashamba saba yenye jumla ya ekari zipatazo 100,000. Mpangaji aliyehesabu eneo aliona kipande tu cha wilaya. Mfugaji aliona mzunguko mzima umekatika, kwa kuwa thamani ya malisho mengine ilitegemea kupumzishwa wakati mifugo iko muhajega. Wanakijiji wa Mulbadaw walishinda kesi yao dhidi ya NAFCO katika Mahakama Kuu mwaka 1984, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ilitengua hukumu hiyo.

Hapa udhaifu wa nadharia unajitokeza. Huwazungumzia watendaji kana kwamba wote wana nguvu sawa, na kila badiliko huliita kujirekebisha. Ni kweli kwamba Wabarabaig walijirekebisha: wengi walihama na mifugo yao, wengine wakafika Morogoro na mikoa ya kusini. Lakini mchambuzi wa biashara akipongeza "unyumbufu" huo bila kuuliza nani aliulipia, amesahau nusu ya hesabu. NAFCO yenyewe, iliyoendeshwa kwa maagizo ya juu, trekta na vipuri vya kuagizwa, haikuweza kunyumbuka vivyo hivyo, na leo haipo tena. Hata hivyo kutoweka kwake hakukurejesha mtandao wa awali. Ng'ombe aliyekopeshwa kwa jirani wa Gitting aliweza kutembelewa kwa mguu na ndama wake kuhesabiwa. Mkopaji akishahamia Morogoro, mwenye mali hana tena wa kumpa habari za zizi lile.