Kwinini, Ujauzito na Macho ya Mtoto

Kwinini ni miongoni mwa dawa kongwe za malaria. Hutokana na magome ya mti wa sinkona, wenye asili ya milima ya Amerika ya Kusini, na kwa miaka mingi ilitumika nchini kutibu malaria kali.

Katika karne ya 20, madaktari wa nchi mbalimbali walieleza habari za watoto waliozaliwa wakiwa na mshipa mdogo kuliko kawaida wa fahamu unaounganisha jicho na ubongo. Watoto hao waliona kwa shida, na baadhi yao walikuwa viziwi. Mama zao walikuwa wamemeza kwinini nyingi kupita kiasi, mara nyingi kwa nia ya kutoa mimba. Macho ya mtoto huanza kuumbika ndani ya mwezi wa kwanza tangu mimba itungwe, pengine mama akiwa hajajitambua.

Madhara hayo yalihusishwa na kipimo kikubwa kupita kiasi, si na tiba iliyotolewa kwa kipimo sahihi. Kwa hiyo, mjamzito mwenye malaria asikatae matibabu kwa hofu. Malaria isiyotibiwa huleta upungufu wa damu, huharibu mimba, husababisha mtoto azaliwe na uzito pungufu, na huweza kuua.

Wakazi wa Njombe wana sababu ya pekee ya kujihadhari. Baridi ya nyanda za juu hupunguza mbu, lakini anayeishi pasipo malaria nyingi hukosa kinga ya kutosha mwilini. Makambako ni njia panda ya Iringa, Mbeya na Songea. Msafiri huweza kurudi na vimelea kutoka mabondeni.

Mjamzito mwenye homa afike kituo cha huduma mapema, apimwe kwanza, na ataje umri wa mimba na safari zake. Tangu mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani linapendekeza dawa mseto ya ALu kwa malaria isiyo kali hata katika miezi mitatu ya mwanzo. Vidonge vya SP vya kinga havitolewi katika miezi hiyo. Huanza baadaye, kliniki, mbele ya mhudumu.

Dawa iliyosalia nyumbani, au iliyonunuliwa bila kipimo, isimezwe. Anayefikiria kutoa mimba kwa vidonge aonane na mhudumu kwanza: kwinini huweza kuyadhuru maisha yake, na mtoto akizaliwa, kumwachia ulemavu wa kudumu.