Kabla Hujanunua Geji Mpya ya Trimu

Mashine ya nje ya boti, ile inayofungwa kwenye ubao wa tezi, haikai pembe moja safari nzima. Wakati wa kuondoka nahodha huishusha kabisa ili boti isinyanyue omo kupita kiasi. Boti ikishashika mwendo, huipandisha kidogo kidogo kwa swichi iliyo kwenye mkono wa gia, omo liachie maji na mafuta yasiungue bure. Kupandisha na kushusha huko ndiko mafundi wanakoita trimu, na geji ya mshale iliyo karibu na usukani ndiyo inayomwonyesha nahodha mashine imefika wapi. Mwenyewe haioni. Iko nyuma yake, na katika boti za abiria kama zile za kati ya Mokowe na Lamu, watu na mizigo wamejaa katikati.

Geji hii ikigoma, wenye boti wengi hukimbilia dukani kununua nyingine. Nimeona geji mpya zikifungwa kwenye boti ambazo kumbe kilichooza ni waya karibu na mashine, na mshale mpya ukalala palepale ulipolala wa zamani. Geji hukaa nyuma ya dashibodi, mahali pakavu kiasi. Sensa na viungo vya waya wake viko tezi, vinarushiwa maji ya chumvi kutwa na kupindwa kila mashine inapopanda na kushuka. Huko ndiko kwa kutilia shaka kwanza, na kupima hakuhitaji mitambo: multimita ya bei nafuu, kipande cha waya, na mtu mmoja wa kukusaidia.

Njia ya umeme wake ni fupi. Nyuma ya geji ya mshale kuna ncha tatu za kufungia waya, kwa kawaida zimeandikwa herufi I, G na S. Ncha ya I hupokea volti 12 ufunguo unapowashwa. G ni ethi. S hupokea waya unaotoka kwenye sensa. Sensa yenyewe ni kikinzani kinachobadilika: mashine ikipanda, mkono mdogo wa sensa huzunguka, ukinzani hubadilika na mshale hufuata. Nayo ina ethi yake kwenye mashine. Basi hitilafu lazima iwe kwenye umeme wa I, kwenye ethi, kwenye geji, kwenye ule waya mrefu wa katikati, au kwenye sensa.

Kabla ya kufungua skrubu yoyote, angalia dalili. Ukibonyeza swichi, mashine yenyewe inapanda? Kama haipandi, shida ni ya pampu ya haidroliki, rilei au betri, na hiyo ni kazi nyingine kabisa. Kama inapanda vizuri na mshale tu ndio umekufa, endelea. Geji za mafuta na za mizunguko nazo zimekufa? Anza na fyuzi na ethi ya dashibodi. Mshale ukiruka unapowasha taa au pampu ya kutoa maji ngamani, karibu kila mara ni ethi ya pamoja iliyolegea au kuota kutu. Ukichezacheza boti inapopiga mawimbi, kuna kiungo kilicholegea au sensa iliyolika. Ukilala upande mmoja usisogee hata kidogo, njia ya S imekatika au imegusa ethi mahali fulani.

Boti iwe imefungwa gatini au iko nchi kavu, na kamba ya kuzimia mashine iwe imetolewa. Usiingize kichwa wala mkono chini ya mashine iliyopandishwa kabla ya kuikalisha kwenye komeo lake la kuishikilia. Mashine kubwa huzidi kilo 100, na haidroliki ikivuja haikungoji utoe mkono. Ukumbuke pia kwamba mashine nyingi zina swichi ya trimu pembeni mwa kofia yake, na hiyo hufanya kazi hata ufunguo ukiwa umezimwa. Mtoto akiigusa, mashine itashuka.

Sasa pima. Washa ufunguo bila kuwasha mashine, weka multimita kwenye volti, gusisha waya mwekundu kwenye I na mweusi kwenye G. Unatakiwa kusoma volti 12 au zaidi kidogo. Ukisoma chini ya hapo, hamishia ule mweusi kwenye ncha hasi ya betri, hata kama utauongeza urefu kwa kipande cha waya. Volti zikirudi, ethi ya geji ndiyo mbovu. Zisiporudi, ufuate waya wa I kuelekea kwenye fyuzi na swichi ya ufunguo, na uipime betri yenyewe.

Umeme ukiwa sawa, zima ufunguo, fungua waya wa S, kisha washa tena. Mshale unatakiwa kwenda hadi mwisho wa upande mmoja. Halafu unganisha S na G kwa kipande cha waya kwa sekunde chache, ukiwa mwangalifu kisiguse I, maana hiyo ni shoti. Mshale unatakiwa kuvuka wote hadi mwisho wa upande wa pili. Upande gani unaanza hutegemea mtengenezaji, na hilo lisikusumbue. Muhimu ni uvuke. Ukivuka, geji ni nzima, iache mahali pake. Usipovuka, na I na G umeshazipima ni nzuri, hapo ndipo geji inahukumiwa.

Jaribio hilo ni la geji ya mshale yenye sensa ya ukinzani tu. Mashine za kisasa zenye skrini ya dijitali hutumia sensa inayotuma ishara ya volti ndogo kwenye kompyuta ya mashine, na kugusishagusisha waya zake kwenye ethi kunaweza kuharibu kifaa cha bei kubwa mara nyingi zaidi ya sensa. Kwa hizo, fuata kitabu cha mashine. Mara nyingi kinachotakiwa ni kuipanga upya skrini kwa kuionyesha mwisho wa chini na mwisho wa juu.

Geji ikiwa nzima, rudisha waya wa S mahali pake na uende tezi. Tenganisha plagi ya sensa, chukua ule upande wa waya unaokwenda kwenye geji, uugusishe kwenye ethi ya mashine huku mwenzako akitazama dashibodi, ufunguo ukiwa umewashwa. Mshale ukivuka kama ulivyovuka mwanzo, waya ni mzima na sensa ndiyo mtuhumiwa. Usipovuka, waya umeoza au umekatika njiani.

Hapa usiharakishe, kwa sababu waya ulioliwa na chumvi unaweza kuonekana mzima kwa nje. Chuna ganda lake sentimita moja. Shaba nzuri ni nyekundu inayong'aa, au rangi ya fedha kama imepakwa bati. Ukikuta nyuzi nyeusi, au unga wa kijani unaobaki kwenye kidole, waya huo umekufa, na uozo hupanda ndani kwa ndani mbali kuliko unavyodhani. Kata nyuma mpaka ufikie shaba safi. Usipoifikia, vuta waya mpya mzima, wa shaba iliyopakwa bati, wa kutumika baharini. Kiungo kibanwe kwa kibanio chake na kufunikwa mpira wenye gundi unaosinyaa kwa moto. Kusokota waya mbili na kuzizungushia tepu nyeusi, kama inavyofanyika kila pwani, ni kuificha hitilafu hadi msimu ujao.

Sensa ipimwe ufunguo ukiwa umezimwa na plagi yake imetenganishwa. Kwenye mashine nyingi imefungwa ndani ya bano linaloshika ubao wa tezi, na haionekani vizuri mpaka mashine ipandishwe juu. Weka multimita kwenye omu, gusisha waya zake kwenye waya mbili za sensa, kisha usukume mkono wa sensa polepole kwa kidole toka mwanzo hadi mwisho. Namba zipande au zishuke kwa utaratibu, bila kuruka na bila kupotea. Zikipotea katikati na kurudi, sensa imelika ndani, na haitengenezeki, nunua mpya. Kama mkono wake umekwama kwa chumvi iliyoganda au grisi iliyokauka, usafishe kwa maji baridi, ulainishe, kisha upime tena kabla ya kuitupa.

Mshale ukisogea vizuri lakini ukasoma vibaya, kwa mfano mashine iko chini kabisa nao unaonyesha robo, sensa inahitaji kupangwa tu. Skrubu zake hupita kwenye matundu marefu. Zilegeze, izungushe sensa kidogo, kaza, shusha mashine, tazama. Huenda ukarudia mara kadhaa, kwa sababu mashine ikishuka kabisa mkono wako haufiki kwenye sensa.

Ikikataa hata baada ya hapo, uliza geji na sensa ni za mashine gani. Kila kampuni ina kipimo chake cha ukinzani: zipo sensa zinazoishia chini ya omu 100 na zipo zinazovuka 160. Geji ya kampuni moja ikifungwa na sensa ya nyingine itasogea, ila itadanganya kila siku. Kwenye boti zinazouzwa mkono kwa mkono jambo hili ni la kawaida mno.

Ukiwa baharini geji ikafa, boti haikwami. Shusha mashine kabisa, ondoka, kisha pandisha kwa mabonyezo mafupi. Usukani ukiwa mzito unaovuta upande na omo likichimba maji, mashine iko chini mno. Omo likianza kudunda juu chini, au mashine ikapaza sauti ghafla bila boti kuongeza kasi, umepandisha mno na propela inavuta hewa, shusha. Tazama mara kwa mara ule mchirizi wa maji ya kupozea unaotoka ubavuni mwa mashine. Ukikatika, zima upesi. Bila geji usijaribu kupita juu ya miamba wakati wa maji kupwa. Kwenye pwani ambayo bamvua hushusha maji zaidi ya mita 3, kungoja maji kujaa ni salama kuliko kukisia.

Na fundi akikwambia geji imekufa, mwombe akuonyeshe mshale ukigoma kuvuka pale S inapogusa G. Asipoweza kukuonyesha, usitoe pesa ya geji.